Tamthilia zetu zinaangushwa na sauti, si picha

Watu wanalalamikia kamera, lakini kwa maoni yangu tamthilia nyingi za Bongo zinaangushwa na sauti. Maikrofoni ikikaa juu ya kamera, mita 3 kutoka kwa mwigizaji, inanasa chumba kuliko mtu. Sebule ya vigae na kuta tupu inarudisha mwangwi, na hakuna mhariri atakayeuondoa wote bila kuharibu maneno. Maikrofoni ifungwe kwenye fimbo, ishushwe hadi kama sentimita 50 juu ya kichwa, nje kidogo ya picha. Mablanketi mawili mazito yatandikwe sakafuni. Feni na friji vizimwe (funguo za gari ziwekwe ndani ya friji, hamtasahau kuiwasha tena). Kabla ya kuondoka, rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba kilekile. Mhariri asipokuwa nazo za kuzibia mapengo, kila mkato wa picha unasikika.

Halafu muziki jamani! Kinanda cha huzuni kinaanza kabla mama mkwe hajafungua mdomo, kisha kinameza maneno yake. Kishushwe desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hadi 20 chini ya mazungumzo, au kizimwe kabisa. Na kofi moja linatosha, lisirudiwe mara tatu.