Gari dogo la kulala ndani linatosha, hata kwa njia ya Tabora na Kigoma

Niko Kigoma kwa likizo, na kila nikikaa barazani swali linalonifuata ni la gari. Picha nilizokuwa nikiwatumia ndugu kutoka Ujerumani, tumeegesha kando ya mto, mlango wazi, chai inachemka ndani ya gari, zimewatia watu hamu. Aliyeshikilia zaidi ni shemeji yangu. Yeye hununua dagaa na migebuka pale Kibirizi na kuuza Tabora. Mzigo unatangulia na lori, yeye anafuata na gari lake, na mara nyingi analala kwenye kiti. Sasa anataka gari lenye kitanda na jiko, alale humo akiwa kazini, na shule zikifungwa ampakie dada na watoto na Mama wakatembee.

"Shemeji," aliniambia, "mimi nataka lile refu, lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Ukishuka nalo Mwanga, watu wanajua umefika."

Nimemwambia asilichukue, na sababu naziandika hapa kwa sababu najua wenzangu wengi mlioko nje mnaulizwa hivyohivyo na ndugu zenu, na wapo wanaopiga mahesabu ya kusafirisha gari zima kutoka Ulaya.

Lile refu nalifahamu. Mimi na mume wangu tulikodi la namna hiyo kabla ya kununua letu, na namshauri kila mtu akodi kwanza, hata siku mbili tu. Lina urefu wa mita saba, na ile pua ya juu yenye kitanda inakabili upepo kama ukuta. Hapo ndipo mafuta yanapokwisha. Watu hutazama ukubwa wa injini, lakini kwenye barabara kuu kazi kubwa ya injini ni kuisukuma hewa iliyo mbele ya gari. Ukitoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa ukafika 120, nguvu ya hewa inayokuzuia haiongezeki kwa moja ya tano, inaongezeka kwa asilimia 44. Gari pana na la kimo kirefu linailipa gharama hiyo mwanzo wa safari hadi mwisho. Hayo marefu hunywa lita 12 au 13 za dizeli kwa kilomita 100. La kwetu lina bodi ya Fiat Ducato fupi, mita tano na nusu hivi, nalo halizidi tisa tukienda taratibu. Yale ya chini zaidi, mfano Volkswagen California yenye paa la kuinua ukishaegesha, hukaa kwenye saba au nane. Chukua safari ya kilomita 1,000: lile refu linamaliza lita 130, hili la chini 75. Tofauti hiyo inatosha kununua chakula cha familia njia nzima.

Uzito nao una habari yake. Leseni ya kawaida ya Ulaya, daraja B, inaishia kilo 3,500. Gari refu likiwa tupu linakuwa limeshaikaribia namba hiyo. Jaza lita 100 za maji, hizo ni kilo 100. Weka watu wanne, baiskeli, mitungi ya gesi, na polisi akikupima kituoni faini inakungoja. Dogo linakuachia nafasi ya kubeba.

Ila raha ya gari dogo niliielewa vizuri Mama alipotutembelea kiangazi. Tulimpeleka Papenburg, mji mdogo wa kaskazini kando ya mto Ems, kwenye kiwanda cha meli cha Meyer Werft. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini. Ndiko ilikojengwa Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikaunganishwa upya hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini 1927. Mama aliipanda Liemba akiwa msichana, kwenda Kasanga. Alisimama pale kwenye mfereji akauliza maswali hadi mume wangu akaishiwa na Kijerumani cha kutafsiri.

Safari yenyewe haikuwa na hoteli. Miji mingi ya Ujerumani ina viwanja vya kuegesha magari ya kulala, unalipa kidogo, unapata maji na pa kumwaga maji machafu. Gari la mita tano na nusu linaingia hata kwenye maegesho ya kawaida sokoni, kwa hiyo Mama hakutembea mbali na goti lake bovu. Na goti hilo ndilo lililonifundisha starehe ya gari ni nini. Usiku wa kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hapa nashikia wapi?" Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya mlangoni, mkono unatafuta. Kilichokuwapo ni fremu laini isiyoshikika. Asubuhi mume wangu alifunga kishikio cha chuma cha bafuni, skrubu nne, na kuanzia hapo Mama akawa anashuka na kupanda bila kumwita mtu.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri kuhusu starehe, nauliza mambo ya mwili. Kitanda kiko kimo gani, mzee anaweza kukaa ukingoni miguu ikagusa sakafu? Anaweza kusimama wima kuvaa gauni? Akitaka haja usiku wa manane, kuna choo cha kubeba karibu, au atatoka gizani? Kitanda cha juu ya dereva kinapandwa kwa ngazi, na juu kule huwezi hata kukaa wima. Watoto watakifurahia. Mama hatakipanda kamwe, na dada naye amenong'ona kwamba hatakipanda.

Sasa njoo kwenye barabara yetu. Kutoka Tabora unapita Urambo, Kaliua, unavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, Uvinza, ndipo Kigoma. Lami imeboresha mambo sana kuliko nilipokuwa mwanafunzi, lakini msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ukiiacha lami kwenda kijijini unakutana na udongo unaoteleza. Gari refu lenye mkia mrefu nyuma ya tairi litaburuza mkia huo kwenye kila korongo.

Na hapa nawageukia wanaotaka kusafirisha gari kutoka Ulaya bara. Liemba ilikuja na mafundi wake. Gari lako litakuja peke yake. Dizeli za kisasa za Ulaya zina chujio la masizi linalotaka mafuta safi na safari ndefu za kulisafisha, na zina tangi la AdBlue, kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi, ambacho kikiisha gari linakataa kuwaka ukishalizima. Fikiria umelizima Kaliua saa mbili usiku. Halafu usukani uko kushoto, na mlango wa kuburuta uko kulia. Ulaya bara wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango unafungukia ukingoni. Hapa kwetu mlango huo utafungukia katikati ya barabara, upande wa mabasi. Sitaki mtoto wangu ashukie upande huo, wala wa mtu mwingine.

Kwa shemeji nimependekeza Toyota Hiace ya kawaida kutoka Japani, bodi ya mita 4.7, dizeli. Mlango uko kushoto, upande salama. Fundi wake yupo Kasulu, yupo Kaliua, yupo Tabora, na spea zinapatikana kila mahali. Ikiwa bajeti ni ndogo na safari ni za watu wawili, Nissan NV200 yenye injini ya petroli ya lita 1.6 inakula kidogo zaidi. Vile vigari vidogo kabisa vya Japani vya injini ya sentimita za ujazo 660, ndugu wa kirikuu, vina mafuta ya kuvutia kwenye karatasi, lakini ukivijazia watu wanne, godoro na maji, injini inalia mlima mzima na uchumi wenyewe unapotea. Mjini vinafaa. Manyoni hadi Tabora na mzigo, hapana.

Jambo la kujua kuhusu Hiace hiyo: ndani ni nyembamba, mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama. Ducato ni pana, sisi tunalala kwa kukingama na nafasi ya nyuma inabaki. Kwenye Hiace kitanda kinaenda kwa urefu wa gari, hivyo unahitaji kitanda cha kukunja kinachogeuka benchi mchana. Shemeji ana urefu wa futi sita, kitanda chake kisipungue mita 1.9. Nimempa futi ya kupimia, akapime na viti vya mbele vikiwa vimerudishwa nyuma pale anapovitaka akiendesha.

Tulibishana zaidi kuhusu mbao. Ana mninga mzuri kutoka Tabora, ameuweka miaka, na anataka makabati yote yawe mninga. Mninga ni mti wa heshima, naupenda, meza yangu ya Ujerumani ninaiota iwe ya mninga. Lakini makabati ya gari hutengenezwa kwa plaiwudi nyembamba ya mti mwepesi, kwa sababu kila kilo unayoifunga ukutani utaibeba na kuinunulia mafuta mpaka gari life. Tumekubaliana: mninga kwenye meza ndogo ya kukunja, mahali pengine plaiwudi na fremu za alumini.

Umeme ni rahisi kwetu kuliko Ulaya, jua tunalo. Paneli ya wati 100 hadi 200 na betri ya pili ya lithiamu ya ampea-saa 100 (Ah) vinaendesha friji ndogo ya kompresa ya volti 12, taa na feni bila wasiwasi. Ila paneli ikigandishwa juu ya paa, itakulazimisha uegeshe juani, nawe Tabora unataka kivuli cha mwembe. Nunua paneli ya kukunja yenye waya wa mita kumi: gari kivulini, paneli juani. Hita, ambayo kule Ujerumani ni lazima majira ya baridi, huku usiinunue. Fedha hiyo iende kwenye feni ya paa na nyavu za madirisha zilizokaza vizuri, maana mbu wa ziwani hawana huruma na malaria haijatuacha.

Na tafadhali, jiko. Mtungi mdogo wa kilo sita wenye kichwa cha jiko juu yake unatosha kabisa, lakini pika mlango ukiwa wazi, au pika nje. Jiko la mkaa lisiingie garini hata kama mvua inanyesha, hata kama limebaki na majivu tu. Gesi ya mkaa haina harufu, na watu wanalala nayo wasiamke.

Kwa gharama, kabla hajalipa mtu yeyote, aingie kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, aweke mwaka wa gari na modeli. Gari likizidi umri fulani kuna ushuru wa uchakavu, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu, na bei iliyoonekana nafuu Japani inabadilika sura.

Gari analolitazama sasa limetoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Kule theluji ni nyingi na barabara humwagiwa chumvi, nayo chumvi inakula chuma cha chini huku rangi ya juu ikimeremeta. Nimemwandikia ujumbe wa kumtumia muuzaji: picha za chasisi yote, za mahali springi za nyuma zinapofungwa, na za ndani ya matao ya tairi, zilizopigwa gari likiwa limeinuliwa. Picha zisipokuja, tunatafuta la Kyushu au Shikoku, visiwa vya kusini, ambako theluji si ya kutisha.