Tulivyobadilisha rangi za msingi

Januari 2017 Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu katika lugha ya Python, ilitoa toleo la 2.0, na mwonekano wa msingi wa grafu zake ukabadilika: ramani ya rangi (mpangilio wa rangi zinazowakilisha thamani) ya jet, inayotoka buluu hadi nyekundu, ikaipisha viridis, na unene wa mistari ukapanda kutoka pointi 1.0 hadi 1.5. Wakati huo nilikuwa mmoja wa watunzaji wa maktaba ndogo ya programu huria iliyojengwa juu ya Matplotlib, iliyogeuza majedwali ya vipimo vya maabara kuwa picha za rangi, na ilitubidi tuamue namna ya kuwavusha watumiaji wetu.

Jina la kigezo likibadilishwa, programu husimama, hitilafu huonekana, na mwenye programu hutafuta dawa. Chaguo-msingi, yaani thamani inayotumika mtumiaji asipotaja yake, likibadilishwa, programu hufanya kazi hadi mwisho bila kulalamika, kisha hutoa picha tofauti na ya jana. Mtumiaji mmoja aliyejaribu toleo jipya mapema alitutumia picha mbili za data ileile. Katika ile ya jet, mkanda wa manjano ulipita katikati mithili ya mpaka, na tayari alikuwa ameandika aya nzima ya kuueleza. Katika ile ya viridis hapakuwa na mpaka wowote, thamani zilipanda taratibu kutoka zambarau hadi manjano. Alitaka kujua ipi ni ya kweli. Namba zilikuwa zilezile, ila mng'ao wa jet haupandi kwa usawa, hivyo jicho huona kingo mahali ambapo data haina kingo.

Baada ya swali hilo sikuweza kukubaliana na wenzangu waliotaka tubaki na jet daima kwa kuwaonea huruma watumiaji wa zamani. Wala sikuafiki kubadilisha kimyakimya, kwa sababu mtu aliyeandika "eneo jekundu" chini ya picha yake angechapisha maelezo yasiyolingana na picha.

Tulikubaliana kuwa na toleo moja la mpito. Ndani yake jet ilibaki, lakini yeyote ambaye hakutaja ramani ya rangi alipata onyo kwamba toleo linalofuata lingetumia viridis, na kwamba akitaja jina la ramani anayoitaka, iwe ya zamani au mpya, onyo litatoweka. Aliyekwisha kuitaja hakusumbuliwa. Kati ya aina za maonyo za Python tulitumia FutureWarning badala ya DeprecationWarning, kwani tangu Python 2.7 onyo hili la pili lilikuwa likifichwa kwa kawaida, na watafiti wengi wasingeliona kamwe. Mapitio ya msimbo yalichukua muda mrefu zaidi kwenye kigezo cha stacklevel, kinachoamua onyo litaje mstari wa ngazi ipi katika mfululizo wa vitendakazi vilivyoitana. Kilipoachwa bila kuguswa, onyo lilionyesha mstari ulio ndani ya maktaba yetu, jambo lisilomsaidia mtumiaji hata kidogo. Kwa kuwa kati ya msimbo wake na onyo palikuwa na vitendakazi viwili vyetu, tuliweka 3, na onyo likaangukia mstari wake mwenyewe, pale hasa anapotakiwa kurekebisha.

Majaribio yetu ya kulinganisha picha zinazotolewa na picha za rejea zilizohifadhiwa yalikuwa yameshindwa karibu yote chini ya Matplotlib 2.0, na kishawishi cha kuzalisha upya picha hizo za rejea kwa mkupuo kilikuwa kikubwa. Nilisisitiza kwanza tuyafungie majaribio kwenye mtindo wa classic, yaani mwonekano wa zamani ambao Matplotlib iliuhifadhi kwa ajili ya mahitaji kama hayo, ili kasoro zetu wenyewe zisijifiche nyuma ya rangi mpya. Majaribio mengi yalipita papo hapo. Yaliyobaki yalikuwa na hitilafu halisi za upangaji wa lebo, tukazirekebisha, ndipo tukazalisha picha mpya kundi kwa kundi, kila moja ikikaguliwa kwa macho.

Toleo lililofuata likaja na viridis, na onyo likaondolewa. Yule mtumiaji wa picha mbili alitaja viridis katika programu yake kabla hatujafika huko, akaifuta aya ya mpaka na kuandika nyingine.