Ua Usio na Maua

Kuku kwa Kijapani ni niwatori. Neno hilo nilifundishwa kwa kadi za picha, zile za watoto wadogo, katika darasa la jioni huko Osaka nilikokwenda mwezi Julai kwa mafunzo ya kazi ya wiki tatu. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye subira ya mvuvi, alilikata neno vipande viwili: tori ni ndege, niwa ni... akatuashiria tuulize simu zetu. Yangu ikajibu: bustani.

Ndege wa bustani? Kwetu Tanga kuku akionekana kwenye bustani ya mtu, hapo pana kesi. Nikanyamaza, maana mgeni hamkosoi mwenyeji kwa lugha yake, lakini neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumamosi ilipofika wenzangu wakaenda kutafuta kamera za bei nafuu, mimi nikapanda treni ya Kyoto, mwendo wa nusu saa hivi, nikaione hiyo niwa kwa macho yangu.

Kyoto imekaa bondeni, milima imeizunguka pande tatu, na joto la Julai likishaingia humo halina pa kutokea. Mtu wa pwani nilijidai nalizoea joto. Saa tatu asubuhi shati lilikuwa limenigandia mgongoni, na nyenze wanalia mitini kama mafuta ya kukaangia mihogo.

Nilianzia Ryoan-ji, hekalu la Zen, madhehebu ya Kibudha, lililoanzishwa mwaka 1450 na Hosokawa Katsumoto, mmoja wa wakubwa wa kijeshi wa zama hizo. Vita vya Onin vilivyozuka mwaka 1467 vililiteketeza, likajengwa tena. Mlangoni unavua viatu. Kuvua viatu si tabu kwangu, tabu ilikuwa soksi ya kushoto: ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka nje kuitazama Japani. Nikakikunjia ndani, nikaenda kukaa na watu wengine kwenye baraza la mbao.

Mbele yetu palikuwa na mstatili wa changarawe nyeupe, kama mita 25 kwa 10. Ndani yake mawe 15, yamekaa makundi matano. Kwenye shina la kila kundi pameota kuvumwani, ule ubichi wa kwenye kuta zenye unyevu, na huo ndio uhai pekee uliomo humo ndani. Nyuma kuna ukuta mfupi wa udongo, umejaa madoa ya mafuta yaliyochanganywa na ule udongo zamani na sasa yanajitokeza yenyewe. Hakuna waridi, hakuna asumini, hakuna hata jani la kuchuma.

Nikahesabu mawe: 14. Nikasogea hatua tatu kushoto, nikahesabu tena: 14, ila lililojificha sasa ni jingine. Inasemekana yamepangwa hivyo makusudi. Popote utakapokaa barazani, moja litakukimbia. Kijana mmoja pembeni yangu naye alikuwa anahesabu kwa kidole, kwa lugha nisiyoijua, na alipofika mwisho akanitazama kama mtu aliyepunjwa chenji. Aliyeyapanga hajulikani kwa yakini, wala hakuacha maelezo.

Lakini mimi mawe niliyaacha. Kilichonikamata ni mistari. Changarawe yote imepigwa reki, mistari imenyooka kutoka upande huu hadi ule, na inapokaribia jiwe inapinda, inalizunguka duara kwa duara, kisha inaendelea na safari yake. Nikasema kimoyomoyo: mbona huu ni uwanja wa bibi?

Bibi yangu alikuwa akiamka kabla ya jua, ananyunyiza maji kwa kata ili vumbi lilale, kisha anainama na ufagio wake wa chelewa. Alifagia akirudi kinyumenyume, ili nyayo zake zisibaki. Akifika kwenye kinu, kizito kuhamishwa kila siku, alikizunguka kwa ufagio, na mchanga ukabaki na duara kuzunguka kinu. Sisi wajukuu tulikaa kizingitini tukisubiri ruhusa, na ole wako ukanyage kabla hajanyoosha mgongo. Huyo aliyepiga reki Ryoan-ji lazima naye alitoka kinyumenyume. Unyayo sikuuona.

Mchana nikapanda basi hadi Kamigamo, jumba la ibada la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, miongoni mwa makongwe kabisa ya mji ule. Hapo changarawe haikulazwa, imesimamishwa: vichuguu viwili vya mchanga mweupe, vimechongoka kama pia zilizopinduliwa, na kila kimoja kimechomekwa vijani vya msonobari kileleni. Vinawakilisha mlima wa jirani ambako, kwa imani yao, mungu wao aliteremka. Kijana wa pale aliyekuwa na Kiingereza cha kukwaruza kama changu akanieleza jambo ambalo simu haikuniambia. Zamani niwa haikuwa mahali pa kupanda kitu. Ilikuwa mahali palipo wazi, pamesafishwa: pa kumpokea mungu, pa kufanyia sherehe, pa kazi. Hata katika nyumba za wakulima, ile sakafu ya udongo ambapo watu walipuria na kutengeneza nafaka iliitwa niwa.

Basi kuku si ndege wa bustani. Ni ndege wa uani! Nilicheka peke yangu mbele ya mungu wa watu, na yule kijana kwa adabu akacheka pia.

Bustani ni neno tulilopokea kutoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ni mahali pa harufu nzuri. Anayelitamka anaanza na pua. Niwa inaanza na ufagio. Na sisi tunalo neno lake pale pale nyumbani, tena lenye vituko, kwa sababu ua huu ni wa nyumba na ua hili ni la kunusa, upatanisho wa sarufi tu ndio unaoyaamua. Wajapani wanakwenda mbali zaidi. Familia wanaiita katei, na ukiiandika unatumia herufi mbili, ya nyumba na ya niwa. Nadhani bibi angelikubali neno hilo bila kufafanuliwa. Nyumba ambayo uwanja wake haujafagiliwa mpaka saa nne, kwake hiyo haikuwa na watu.

Nisije nikaeleweka vibaya, niwa zenye miti na maji na madaraja zipo, tena za kukutoa machozi. Ila hata humo wenyewe wanaanza na jiwe. Sakuteiki, kitabu cha mafundi wa niwa cha karne ya 11, kinafungua kwa habari ya kusimamisha mawe, na kinaonya kwamba jiwe lililokuwa limesimama porini ukalilaza, au lililolala ukalisimamisha, litakuletea balaa nyumbani.

Usiku nililala katika nyumba ya zamani ya mbao, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma. Wenyeji husema ni kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Katikati yake kuna tsuboniwa, ua mdogo usiozidi mkeka mkubwa wa jamvi, wazi juu, ili mwanga na upepo viingie. Una taa ya jiwe, mkangaga mmoja, na mtungi wa maji. Mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa akinyunyiza maji juu ya mawe kwa kata ya mianzi, na ubaridi ukapanda hadi nilipokaa. Kata, maji, mgongo ulioinama. Nilimtazama mpaka nikasahau kwamba tangu Kamigamo nilikuwa nimebanwa.

Nikashindwa kumwambia mtu wa umri ule neno choo. Nikaandika kwenye simu kama nilivyolelewa: samahani, naomba kwenda uani. Simu ikatamka Kijapani chake, na ndani yake nikalisikia niwa.

Uso wa bibi ukachanua. Akaniletea viatu vya mbao, akawasha taa ya jiwe, akashuka nami, akaanza kunisimulia jiwe moja baada ya jingine. Nilisimama naye, magoti nimeyabana, nikiitikia kwa kuinamisha kichwa. Tulikuwa bado jiwe la tatu.