Riwaya za Upelelezi kwa Msimu wa Baridi Mbeya

Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapowarudisha watu nyumbani mapema, ndiyo miezi ninayoiona kuwa mizuri kuliko yote kwa riwaya za upelelezi. Kwa anayeanza, napendekeza bila kusita Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hategemei bastola wala mbio. Huvuta kiko chake, husikiliza maneno ya kila mtu, kisha huunganisha vipande ambavyo msomaji alivipita bila kuvitilia maanani.

Anayependa mwendo wa kasi amtafute Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nayo haifai kusahaulika.

Ningependa sana maktaba zetu za umma, Mbeya hata Iringa, ziandae vikao vya kusoma riwaya hizi kwa sauti, na msomaji asite kabla ya sura ya mwisho. Kila mhudhuriaji angeandika kwenye karatasi jina la anayemshuku pamoja na ushahidi alioutegemea, karatasi zikunjwe na kuwekwa kwenye boksi, ndipo sura hiyo isomwe. Vijana wa sekondari wapewe nafasi ya kwanza kueleza hoja zao, kwa sababu mtu aliyekwisha kumtaja mshukiwa mbele ya wenzake hawezi kuondoka kabla ya kujua kama alipatia.