Mguu haupo ila vidole vinawasha

Jamani leo niseme tu, mwezi wa saba huu tangu nikatwe mguu chini ya goti, ajali ya bodaboda, na kilichokua kinanitoa machozi usiku sio kidonda, ni vidole ambavyo havipo, vinawasha, vinauma kama vimebanwa na mlango, na kumwambia mtu naogopa maana nyumbani wangesema nimerogwa 😅

Sasa kule tunakopimiwa miguu ya bandia nikamkuta mzee mmoja anatembea freshi kabisa, akavuta suruali juu, kumbe na yeye! Akaniuliza, "Mwanangu, vidole vinakuwasha?" Nikalia palepale. Akanifundisha kuweka kioo katikati ya miguu, nachezesha ule mzima huku naangalia kwenye kioo, ubongo unadanganyika kidogo. Kwangu inasaidia, sio kila siku lkn. Na soksi! Kigutu kinasinyaa miezi ya mwanzo, mguu wa bandia ukilegea unaongeza soksi, mi nilikua nakaza mikanda kama nafunga gunia la mkaa.

Jmosi narudi, kuna dogo kakatwa mkono juzi, mzee kasema nikakae nae. Kioo nshakifunga kwenye kanga.