Fensi ya maua upande wa mashariki: kumbukumbu ya mradi wangu, Singida

Septemba 2023

Upepo wa hapa Singida unatoka mashariki, na kiangazi kikikolea haupumziki. Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji. Mbele yake ni mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, hakuna cha kuukinga. Mwaka huu mipapai miwili imelala chini, mchicha unafukiwa na mchanga, na nguo nyeupe zikianikwa asubuhi, jioni zina rangi ya udongo.

Nataka ua wa mita 24 upande huo. Uvunje upepo, uzuie mbuzi, na uwe na rangi. Rangi naitaka hasa kwa ajili ya mama yangu, ambaye hushinda barazani. Kiangazi kizima macho yake yanaona kahawia tu.

Ukuta nimeufikiria nikauacha. Jirani anao wa matofali, na bustani yake inapigwa vibaya kuliko yangu. Nilimwomba nikachomeka vijiti nyuma ya ukuta ule, kila kimoja na utepe wa kitambaa juu. Karibu na ukuta tepe zilitulia. Hatua chache mbele zilikuwa zinazunguka ovyo, na mmoja ulipepea kuelekea ukutani, kinyume cha upepo wenyewe. Upepo ukikuta kitu kisichopitisha hewa hupanda juu yake, kisha hushuka nyuma kwa vurugu. Ua wa miti huuchuja: sehemu inapita kati ya matawi ikiwa imepungua nguvu, na utulivu unaweza kufika umbali wa karibu mara 10 ya kimo cha ua.

Oktoba 2023

Mwezi mzima nimezunguka kwa wauza miche.

Mnyaa haufi kwa ukame, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na hapa kuna watoto. Oleanda ina maua mazuri sana, ila mti mzima ni sumu. Lantana nimeikataa moja kwa moja: inavamia mashamba na inadhuru mifugo. Duranta ya majani ya njano ndiyo inayouzwa kila kona, lakini niliyoiona kwenye uwanja wa wazi ilikuwa imeungua ncha upande wote wa upepo.

Bogonvilia ndiyo iliyonivuta. Inastahimili jua na ukame, ina miiba, na rangi yake huja vizuri zaidi maji yakipungua, yaani wakati uleule ambapo kila kitu kingine kimekauka. Ukiishika karibu utaona kwamba tunachokiita ua lake ni majani matatu membamba kama karatasi, na maua yenyewe ni yale matatu madogo meupe katikati. Karatasi hizo ndizo zinazopukutika upepo ukizidi. Kwa hiyo bogonvilia peke yake, mstari wa mbele, haitoshi.

Mzee mmoja wa kitaluni alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia: "Mwanangu, mbele weka kayaba, ndiyo ipigwe. Maua yakae nyuma yake, yapande juu ya mgongo wake." Kayaba ni ule mchongoma wenye miiba mirefu na matunda ya manjano makali. Asili yake ni kusini mwa Afrika, na mti wenyewe ni mgumu kweli. Nikamwamini.

Desemba 2023

Mvua imeshika. Nimepanda mistari miwili, sentimita 60 kati yake: nje kayaba 40, kila sentimita 60, ndani bogonvilia 24, kila mita moja, zambarau, chungwa na nyeupe kwa kupokezana. Miche ya ndani haitazamani moja kwa moja na ya nje, upepo usipate njia iliyonyooka.

Machi 2024

Nimepogoa, na mkono ulikuwa mzito. Yule mzee alisisitiza: mti wa fensi usipokatwa ukiwa mdogo, chini unabaki mlango wa kuku. Nimekata vichwa vyote kwa theluthi moja. Wiki tatu baadaye kila shina lina machipukizi manne au matano karibu na ardhi.

Agosti 2024

Kayaba iko magotini tu. Nimesimamisha mabua ya alizeti upande wa nje, yameachana vidole viwili, kuisaidia msimu huu. Miche mitatu ya kona ya kaskazini imeliwa na mbuzi kabla miiba haijakomaa. Bogonvilia sita nilizozijazia samadi ndoo nzima zina majani mapana ya kijani na hazina hata karatasi moja ya rangi. Zilizopata viganja viwili zimeanza kuwaka. Samadi nimeisimamisha kwa zote.

Agosti 2025

Ua una kimo cha mita moja na robo. Matawi ya bogonvilia yameegemea kayaba na kujishikiza kwa miiba, yamefumana hata kuku hapiti. Upande wa nje ni kijani kizito. Upande wa ndani, unaotazama baraza, zambarau na chungwa zimeingiliana. Nyeupe zimebaki nyuma kidogo.

Nimerudisha vijiti vyangu vya tepe. Mita 6 nyuma ya ua utepe unaning'inia. Mita 10 unapepea polepole, ukielekea upande mmoja, bila kuzunguka. Mita 15 ni kama hakuna ua. Ua ukifika kimo cha mita mbili, utafunika hadi kwenye mipapai mipya.

Kona ya kaskazini bado ni wazi, na upepo unapita hapo kwa nguvu kuliko kwingine kokote. Mchicha wa mbele yake umelala. Kayaba tatu za kuziba pengo ziko kwenye viriba kivulini, zikisubiri mvua. Safari hii nimezikatia matawi ya miiba ya kuzizungushia.

Mama amesogeza kiti chake. Zamani alikaa akiupa upepo mgongo, akitazama ukuta wa nyumba. Sasa anatazama mashariki.