Siku moja chini ya mwembe, na mbwa 104

Saa 10:45 alfajiri

Muadhini wa mtaa wetu hajawahi kuniamsha. Anayeniamsha ni Karani, dakika kama kumi kabla yake. Hukwaruza mlango kwa ukucha mmoja, mara mbili tu, kisha hutulia kusikiliza kama nimeshuka kitandani. Spika ya msikiti ikianza kukoroma, naye huinua pua juu akalia ule mlio wake mrefu, na mama kutoka chumba cha pili husema yale yale ya kila siku: "Haya, mwenzako naye kaanza."

Karani ni mbwa wa kienyeji, rangi ya ukoko wa wali, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina alilipata angali kilebu. Alikuwa akikaa mlangoni na kumkodolea macho kila anayeingia na kutoka, utadhani anamwandika daftarini.

Kwetu mbwa haingii ndani. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo yakikigusa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana uani kuna ndoo yangu ya udongo safi, na kwa kazi ninayofanya sidhani kuna mtu mtaani anayeutumia kunishinda. Nilipomleta Karani, miaka minne iliyopita, mama alinitazama akasema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Tukapatana: mwisho wake kizingitini.

Ila hatukupatana chochote kuhusu miguu. Karani hulala mwili mzima nje, nyayo mbili za mbele juu ya kizingiti. Mama huona na kupita. Siku nilipomuuliza alijibu bila kuacha kuchambua mchele: "Mbwa wa wale vijana wa pangoni, wa kwenye Kurani, naye alinyoosha miguu hapo hapo mlangoni. Mwache."

Bado husema hampendi. Na mimi nikiulizwa mtaani husema ni wa ulinzi tu.

Saa 12:30 asubuhi

Mimi ni afisa mifugo wa kata, huku Muheza, Tanga. Wenyeji wengi huniita bwana mifugo. Kuna bibi mmoja niliyemkumbusha kwamba mimi ni mwanamke, akaniomba radhi, na tangu siku hiyo huniita mama bwana mifugo.

Siku nyingi kazi yangu ni ng'ombe wa maziwa na kuku wenye kideri. Lakini hii ni wiki ya 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ndiyo tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, yule Mfaransa aliyemchanja mtoto aliyeng'atwa na mbwa, miaka kumi kabla ya hapo. Leo Jumamosi tuna chanjo ya bure kijijini, na Jumamosi tumeichagua makusudi: watoto hawaendi shule. Mbwa wengi huku wana mwenye mali, ambaye ni baba, na mwenye mbwa hasa, ambaye ni mtoto wa darasa la tatu.

Nachukua chanjo kwenye friji ya ofisi. Kipimajoto kinasoma nyuzi 5. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8. Kila kichupa kina dozi kumi, na kikishafunguliwa ni cha siku hiyo hiyo. Natia kwenye boksi la baridi, nafunga mkanda, napanda bodaboda nimelikumbatia boksi kama mtoto mchanga. Dereva anauliza ndani mna samaki? Namwambia mna mbwa 120. Hakuuliza tena mpaka tumefika.

Saa 2:00 asubuhi

Chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji tayari kuna foleni. Ukitaka kuijua Tanga, tazama kamba walizofungiwa mbwa. Katani, bila shaka. Halafu mpira wa ndani wa baiskeli, kipande cha chandarua, na kanga iliyochanwa yenye maandishi nusu: "...hasidi hana sababu". Wengine hawana kamba kabisa, wamebebwa.

Mwenzangu, kijana wa kujitolea, anaandika kadi. Hapo ndipo burudani ilipo.

"Jina la mbwa?"

"Semeni."

"Nani aseme?"

"Ndiyo jina lake. Semeni."

Nyuma yake jirani yake, mama aliyejifunga kibwebwe, ana mbwa mwekundu. Jina? "Nishachoka." Wakatazamana wale kina mama wawili, kila mmoja akageukia upande wake. Foleni nzima ikakohoa kuficha kicheko. Mtu wa kwetu hamwambii jirani yake neno usoni. Hufuga mbwa, akampa jina, kisha kila jioni husimama uani na kumwita kwa sauti. Mpaka saa tatu tulikuwa na Mtajua Wenyewe, Mdeni, Rambo watatu, Simba saba, na jike mmoja mzee aitwaye Asante. Mwenyewe alisema alimpa jina hilo kwa sababu ndicho kitu pekee alichowahi kupewa bure.

Saa 3:15 asubuhi

Nieleze jambo moja ambalo chuo hakikunifundisha vizuri, mbwa wakanifundisha.

Nilipoanza kazi nilikuwa nikimwendea mbwa kwa mbele, nimesimama wima, nikimtazama machoni, sindano mkononi. Nilikuwa mtaalamu, nina haraka, nina orodha. Niling'atwa mara mbili mwaka wa kwanza. (Nilishachanjwa kabla, kama inavyotakiwa kwa watu wa kazi hii, na bado nilichoma nyingine.) Baadaye mzee mmoja aliyefuga mbwa wa kuwindia nguruwe aliniambia: "Binti, unamwendea kama askari wa mgambo." Akanionyesha. Unakwenda ubavuni. Unachuchumaa. Unatazama pembeni kama huna shida naye. Unamwacha anuse nyuma ya kiganja mpaka aridhike. Ukimharakisha, unaanza upya, na mara hii yeye ndiye anayeamua.

Sasa nachuchumaa hata kwa watu. Mfugaji ambaye ng'ombe wake amekufa, amefura kwa hasira, humwendei umesimama na faili kwapani. Nakaa kwenye kigoda nikipewa, nisipopewa nakaa kwenye gogo, naangalia banda badala ya kumwangalia yeye. Atasema mwenyewe. Wenzangu huniuliza kwa nini mikutano yangu huchelewa kwisha.

Saa 4:30 asubuhi

Mvulana wa miaka kama tisa amekuja na kiroba cha mchele mgongoni. Kiroba kinacheza. Anakitua, anakifungua, na ndani mna vilebu wanne, macho ndiyo kwanza yamezoea mwanga.

"Dokta, hawa wadogo wanachomwa?"

Wengi huamini kilebu hachanjwi mpaka akue. Huchanjwa. Na hao ndio watoto hulala nao na kuwaweka usoni. Nikamwambia wanachomwa wote, lakini mama yao yuko wapi? Akaonyesha kwa kidevu. Mama yao alikuwa amekaa upande wa pili wa barabara, chuchu zimeshuka, hajafungwa na mtu, ulimi nje. Alifuata kiroba kutoka nyumbani.

Tukawaandika wanne: Juma, Asha, Jumanne na Dokta. Wa mwisho alibatizwa pale pale, kwa heshima yangu, na ndiye aliyenikojolea. Mama yao alivuka barabara mwenyewe zamu yake ilipofika. Dozi ni mililita moja chini ya ngozi ya shingo. Hakugeuka hata kichwa, macho yako kwenye kiroba.

Saa 5:45

Rambo wa pili alikata katani na kupita katikati ya sufuria za mama ntilie. Maharage yalimwagika. Nililipa mimi, mwenye Rambo aliyeyuka. Tuendelee.

Saa 7:10 mchana

Jua kali, foleni imekatika, tumekula chapati na maharage yaliyonusurika. Ndipo akaja mzee mmoja kutoka mashamba ya juu, kule michungwa inakokwisha na msitu unapoanza. Huko bila mbwa huvuni muhogo: usiku nguruwe, mchana nyani na ngedere. Ametembea karibu saa mbili. Mbwa wake mweusi anachechemea, mguu wa nyuma umefungwa kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri kuliko bandeji nyingi nilizowahi kuziona zahanati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta huyu. Wa shamba tu huyu, simjali hata kidogo."

"Mguu umefanya nini?"

"Sijui. Mwiba. Nilimtoa juzi usiku kwa taa."

Nikamwambia apumzike kwanza. Hakupumzika. Alikwenda kisimani, akateka ndoo, akatafuta kifuu chini ya mnazi, akakisafisha kwa kidole, akamnywesha mbwa kwanza. Kifuu cha pili pia cha mbwa. Ndipo yeye akanywa kwa viganja. Ustadhi aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya ofisi akisubiri muhuri wa mtendaji alimtazama muda mrefu, akasema bila kuelekeza kwa mtu: "Yupo aliyesamehewa madhambi yake kwa kumtekea mbwa maji kisimani. Na yule alitumia kiatu." Kisha akarudia kusoma karatasi zake.

Nikachuchumaa ubavuni mwa mbwa. Mzee akapiga goti upande wa kichwa. Nilipochomoa sindano, aliweka kiganja chake kipana, chenye sugu za jembe, juu ya macho ya mbwa, akayaziba. Yeye mwenyewe akafumba yake.

Nimechanja mbwa wengi sana. Ilinibidi nihesabu mpaka tatu kabla ya kuchoma, mkono utulie.

"Kwisha?"

"Kwisha, mzee."

"Basi. Wa shamba tu huyu," akasema tena, akakunja kadi mara nne na kuitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akafunga kifungo.

Saa 9:00 alasiri

Kuna nyumba moja huwa napita kila mara nikija kijiji hiki, kusalimia tu. Sitaeleza mengi. Mtoto wao aling'atwa na mbwa wa kupita, kijeraha kidogo kisigino, wakatia dawa ya mizizi na kukifunga. Walipokuja kuambiwa ni nini alikuwa ameshaanza kuogopa maji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili kinazuilika: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, ukamalize sindano zote. Nawaambia watoto waimbe nyimbo zote wanazozijua huku wanaosha, maana dakika 15 ni ndefu.

Baba yule bado anafuga mbwa. Leo alileta wawili. Niliogopa kumuuliza, akajibu bila kuulizwa: "Yule aliyemng'ata naye aliumwa tu. Hakuna aliyemchanja."

Saa 11:00 jioni

Hesabu. Tulipopita nyumba kwa nyumba mwezi uliopita tulipata mbwa 160. Leo kadi 104. Hiyo ni asilimia 65, na inayotakiwa ili ugonjwa ukose njia ni 70. Wamebaki wanane kufika 112. Mwenzangu anasema ni karibu. Nikamwambia hakuna karibu hapa, Jumatatu tunarudi kuwatafuta majumbani. Mmoja namjua tayari: Nishachoka alitoroka kabla ya zamu yake, na Semeni alimfuata. Wamiliki wao hawasemezani, mbwa walilala kivuli kimoja nyuma ya ghala la kijiji.

Saa 12:40 jioni

Karani hujua mlio wa ile bodaboda kabla haijapinda kona. Nikifika huwa ameshasimama njiani, nyuma yote inacheza, si mkia peke yake. Hajui kama nimefikisha lengo. Leo alininusa viatu kwa makini mno, mbwa 104 mmoja mmoja, akapiga chafya.

Nikaenda uani: nguo za kazi kwenye beseni lake, maji, udongo, maji tena. Nilipotoka mama alikuwa kwenye mkeka, na Karani mahali pake, miguu kizingitini.

"Huyo umemchoma?" mama akauliza.

"Nani?"

"Huyo mlinzi wako. Kadi yake inaisha mwezi huu."

Nikamuuliza kajuaje. Akanyanyuka kwa tabu, akaingia chumbani, akatoka na lile kopo la majani ya chai anamoweka cheti chake cha kuzaliwa, hati ya kiwanja cha marehemu baba na kadi yake ya presha. Akatoa kadi ya Karani, imekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Mimi nilidhani ilipotea mwaka jana.

Kichupa cha mwisho kilikuwa na dozi sita, bado cha baridi. Nikavaa glavu, nikachuchumaa ubavuni mwa Karani, nikaacha anuse mkono. Mama alisimama nyuma yangu, amekusanya kanga yake isimguse mbwa.

"Ngoja," akasema. "Mzibe macho kwanza."